Kozi ya mtandaoni ya uchumi wa uhamiaji: tathmini ya mwalimu aliyeimaliza

Nyota nne kati ya tano. Ningetoa tano kama wiki ya sita ingepewa uzito iliopewa wiki ya pili.

Nafundisha uchumi sekondari, huu ni mwaka wangu wa 14, na kila tukifika mada ya nguvu kazi hakosekani mwanafunzi wa kuuliza swali lilelile. Safari hii liliulizwa hivi: "Mwalimu, kama kazi zipo mia, mgeni akaja akachukua moja, si kwetu zimebaki tisini na tisa?" Nilimjibu. Nikaeleza soko, nikaeleza mahitaji, nikachora mistari miwili ubaoni ikakatana. Darasa likatulia, lakini nilipotoka nilijua kijana yule ametulia kwa heshima tu. Jibu hakupata, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nalo zaidi ya kile kilichomo kwenye kitabu cha kiada. Usiku uleule nikaanza kutafuta kozi.

Niliyoipata ni ya wiki sita, na mada yake ni uhamiaji, utofauti wa tamaduni na ukuaji wa uchumi. Kutazama video ni bure, cheti ndicho cha kulipia. Karibu kila wiki ina video sita hadi nane, nyingi hazizidi dakika 12, kisha jaribio fupi na zoezi moja la takwimu. Nilitumia kama saa nne kwa wiki, ila wiki ya pili ilinichukua saa tisa na sijutii hata moja. Jina la waendeshaji silitaji kwa kuwa kuna jambo nimewalalamikia na bado tunaandikiana. Aliyewahi kuisoma ataitambua.

Wiki ya kwanza ni ya vipimo, na wengi watashawishika kuiruka. Wasiiruke. Mhadhiri anaanza na hesabu ya Umoja wa Mataifa: mwaka 2024 watu milioni 304 walikuwa wakiishi nje ya nchi walikozaliwa, sawa na asilimia 3.7 ya watu wote duniani. Halafu anaingia kwenye jambo ambalo nimelibeba moja kwa moja hadi darasani kwangu, nalo ni tofauti kati ya pato la taifa na pato la kila mtu. Wahamiaji wakiongezeka, pato la taifa karibu lazima lipande, maana mikono inayofanya kazi imezidi. Hilo peke yake halimwambii mwenyeji kama hali yake imekuwa afadhali. Kuanzia hapo, kila unapoandika neno "ukuaji" kwenye zoezi bila kusema unapima kipi, unakatwa alama. Nilikatwa mara mbili. Tangu hapo, kila ninaposikiliza hotuba kuhusu wahamiaji, za kuwasifu na za kuwalaumu, najikuta nauliza kwanza msemaji ameshika kipimo kipi.

Sasa wiki ya pili, ambayo ndiyo roho ya kozi hii.

Kati ya Aprili na Oktoba 1980, watu wapatao 125,000 waliondoka Kuba kwa boti kupitia bandari ya Mariel wakatua Florida, Marekani. Karibu nusu yao walibaki Miami, na ndani ya miezi michache nguvu kazi ya mji ule ikaongezeka kwa takriban asilimia 7. Wengi hawakuwa na elimu kubwa, na Kiingereza hawakukijua. Mhadhiri anatumia video nzima kueleza kwa nini tukio hili ni adimu. Kwa kawaida wahamiaji huelekea mahali ambapo uchumi tayari unakua, kwa hiyo ukikuta wahamiaji wengi na mishahara mizuri pamoja, huwezi kusema kipi kimeleta kipi. Wakuba wale hawakuifuata neema ya Miami. Waliondoka kwa sababu mlango ulifunguliwa ghafla upande wa kwao.

Mchumi David Card alichapisha utafiti wake juu ya tukio hili mwaka 1990. Aliilinganisha Miami na miji minne: Atlanta, Houston, Los Angeles, na Tampa pamoja na jirani yake St. Petersburg. Hakuona mishahara ya wafanyakazi wa ngazi ya chini ikiporomoka wala ukosefu wa ajira ukipanda kupita kule kwingine. Mwaka 2021 Card alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi, na utafiti huu ulikuwa miongoni mwa kazi zilizompa sifa. Kozi nyingine ingeishia hapo, ikampa mwanafunzi jibu safi la kubeba nyumbani.

Hii haikuishia hapo. Video inayofuata inampa nafasi mchumi mwingine, George Borjas, ambaye miaka mingi baadaye aliirudia data ya Miami na kuangalia kundi moja tu: wanaume wa miaka 25 hadi 59, wasio na asili ya Kilatino, ambao hawakumaliza sekondari. Humo akaona mishahara imeshuka kwa kati ya asilimia 10 na 30. Kisha unapewa faili la Excel lenye data ya utafiti wa kaya wa Marekani, unaambiwa uchuje mwenyewe. Nilikaa na faili hilo usiku mzima. Nikachuja wanaume, safu zikapungua. Nikachuja umri, zikapungua tena. Nikaondoa waliomaliza sekondari, nikaondoa wenye asili ya Kilatino, na Miami ya mwaka mmoja, mji mzima, ikabaki kipande kidogo ambacho kiliingia chote kwenye kioo cha kompyuta bila kushusha ukurasa. Nikabadilisha umri wa chini, mstari wa mishahara ukaruka. Nikarudisha, ukashuka. Hapo nikaelewa kwa mkono wangu kile ambacho watafiti wengine walimjibu Borjas: kundi lake lilikuwa dogo mno, na miaka ileile utafiti wa kaya ulianza kuwafikia zaidi wanaume Weusi wa kipato cha chini, jambo ambalo lenyewe lingeweza kuushusha wastani bila Mkuba yeyote kuhusika.

Lakini mhadhiri hatangazi mshindi. Anasema Borjas ameuliza swali la haki: wastani wa mji unaweza kuwa shwari huku kundi moja dogo likiumia, na huwezi kuliona mpaka uende kulitafuta. Kwangu hii ndiyo thamani ya kozi nzima. Miaka 14 nimekuwa nikifundisha wastani.

Sababu za Miami kutoanguka zinaelezwa vizuri pia. Aliyefika anahitaji pa kulala, nguo, usafiri na huduma, kwa hiyo anaongeza kazi siku ileile anapoomba kazi. Na asiyejua lugha haingii kwenye kazi zilezile za mwenyeji. Giovanni Peri na Chad Sparber walionyesha kwamba wahamiaji wenye elimu ndogo huko Marekani huelekea kwenye kazi za nguvu, na wenyeji wa elimu ileile husogea kwenye kazi za kuzungumza na watu, ambazo mara nyingi hulipa zaidi. Kwa hiyo zile kazi mia za mwanafunzi wangu si rundo lililohesabiwa likafungwa kamba. Zinaongezeka, zinahama, zinabadilika sura.

Wiki ya tatu ni ya mtaji. Zoezi lake ni programu ndogo: kuna kitufe unakiburuza kuongeza wafanyakazi, na mistari miwili, wa mishahara na wa mitambo. Niliongeza wafanyakazi kwa asilimia 10 bila kugusa kingine. Mshahara ukadidimia mara moja. Nikaiacha programu iendelee miaka kumi ya mchezo, na taratibu wawekezaji wakafuata wafanyakazi, mitambo ikaongezeka, mshahara ukapanda tena karibu na ulipoanzia. Kisha unaambiwa ufanye kinyume, na hapo unaletewa kisa cha Bracero. Kuanzia 1942 Marekani ilikuwa ikileta vibarua wa msimu kutoka Meksiko, na mwishoni mwa 1964 mpango ukafutwa, lengo likiwa kupandisha ujira wa vibarua wenyeji. Karibu vibarua nusu milioni wakawa nje. Michael Clemens na wenzake walipopekua kumbukumbu za mashamba, hawakuona ujira ukipanda zaidi katika majimbo yaliyopoteza vibarua hao. Wakulima wa nyanya waliingiza mashine za kuvuna, na mazao yasiyokuwa na mashine wengine wakayaacha. Wiki hii ni fupi na imekaa vizuri, sina la kuongeza.

Wiki ya nne inahusu maarifa yanayosafiri na watu. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alifuta amri iliyowalinda Waprotestanti wa Ufaransa, na mwaka uleule mtawala wa Brandenburg-Prussia, dola ya Kijerumani, akatoa amri ya Potsdam ya kuwakaribisha. Walikuja kama 20,000, na kufikia 1700 walikuwa karibu moja ya tano ya watu wa Berlin. Walikuja na ufundi wa kufuma ambao wenyeji hawakuwa nao. Erik Hornung alipochambua takwimu za viwanda vya nguo vya Prussia za mwaka 1802, zaidi ya karne nzima baadaye, aliona tija kubwa zaidi katika miji iliyopokea wakimbizi wengi. Na kuna 1933, Ujerumani ilipowafukuza wanasayansi Wayahudi vyuoni. Katika matawi ya kemia waliyohamia nayo Marekani, hataza (hati za kumiliki uvumbuzi) za Wamarekani ziliongezeka kwa asilimia 31. Nilipenda kwamba mhadhiri hawaelezi watu hawa kama zawadi. Anakumbusha walifukuzwa, na kwamba takwimu zinaonyesha waliofika tu.

Sasa wiki ya tano, utofauti wa tamaduni. Niliingia nikitarajia maneno matamu, nikakuta mjadala mgumu. Mhadhiri anafungua na utafiti wa William Easterly na Ross Levine wa mwaka 1997, uliohusisha wingi wa makabila katika nchi za Afrika na ukuaji hafifu, kwa sababu makundi yanayovutana hushindwa kukubaliana juu ya barabara, shule na umeme. Kwa msomaji wa Kiafrika si rahisi kuutazama. Nilisimamisha video nikatembea kidogo. Halafu anaweka mbele yako kipimo kingine, cha Alberto Alesina, Johann Harnoss na Hillel Rapoport, ambao hawakuhesabu makabila bali mahali watu walipozaliwa. Kwa kipimo hicho utofauti unakwenda pamoja na pato kubwa, hasa pale wahamiaji wanapokuwa na ujuzi. Watu waliolelewa na kusomeshwa mahali tofauti huja na njia tofauti za kutatua tatizo moja. Wale wa utafiti wa kwanza walikuwa wakigombania hazina moja. Utofauti wa aina gani, na chini ya utawala upi: hilo ndilo linaloulizwa wiki nzima, na nadhani ndivyo linavyopaswa kuulizwa.

Anagusa pia kazi ya Gianmarco Ottaviano na Giovanni Peri juu ya miji ya Marekani kati ya 1970 na 1990: palipoongezeka wazaliwa wa nje, mishahara ya wazaliwa wa ndani ilipanda, na kodi za nyumba zikapanda. Hapa anapita haraka mno. Mwenye nyumba na mpangaji hawawezi kuipokea habari hiyo kwa uso mmoja, na mtu aliyefundishwa wiki ya pili kutafuta kundi linaloumia alistahili kuonyeshwa mpangaji. Kasoro nyingine ni kwamba "utamaduni" humu ni nchi ya kuzaliwa na basi. Watu wawili wa nchi moja wanaweza kuwa na lugha mbili, dini mbili na namna mbili za kufanya biashara, na kwenye jedwali wote ni namba moja.

Nimefika wiki ya sita, na hapa ndipo nyota moja ilipodondoka.

Wiki hii inabeba mambo mawili makubwa kwa pamoja: nchi wanakotoka wahamiaji, na kile mwenyeji anachomruhusu mgeni kufanya akishafika. Video ni tatu tu. Fedha zinazotumwa nyumbani zinapewa dakika tisa. Unaambiwa kwamba mwaka 2023 nchi za kipato cha chini na cha kati zilipokea dola bilioni 656 kwa makadirio ya Benki ya Dunia, na kwamba shabaha ya mataifa ni gharama ya kutuma kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, wakati wastani bado uko juu ya asilimia 6. Sawa. Fedha hizo zinajenga nini, nani anabaki bila daktari, nani anasoma uuguzi kwa sababu ameona mwenzake ameondoka, hayo yametajwa kwa sentensi.

Jambo la pili ndilo lililoniuma. Dada yangu ni muuguzi. Aliondoka miaka tisa iliyopita akiwa na stashahada na uzoefu wa wodi ya wazazi. Alikofikia waliohusika na leseni walimwambia asubiri uhakiki. Nilipomaliza wiki ya sita nilimpigia nikamwuliza ilikuwaje mwanzoni, kwa sababu hakuwahi kunieleza vizuri. Akasema, "Mdogo wangu, vyeti vyangu vilikaa kwenye bahasha miezi kumi na sita. Mimi nikawa natandika vitanda kwenye nyumba ya wazee." Bahasha anayo mpaka leo. Alinionyesha kwa video, ya kahawia, pembe zimechakaa kwa kutolewa na kurudishwa kila alipoitwa kuhojiwa. Miezi hiyo 16 nimeitafuta kwenye grafu za kozi sijaiona. Kwenye hesabu za kawaida dada yangu alikuwa ameajiriwa, kwa hiyo kila kitu kilikuwa sawa. Hospitali ilikosa mkunga na hakuna safu ya kuandika hasara hiyo.

Kiswahili kina neno juu ya hili, na limekuwapo muda mrefu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kozi inao ushahidi mikononi mwake na inautumia kwa dakika nne. Watafiti Moritz Marbach, Jens Hainmueller na Dominik Hangartner walifuatilia wakimbizi kutoka iliyokuwa Yugoslavia waliofika Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1990, sheria ilipokuwa ikiwakataza kufanya kazi kwa kipindi fulani baada ya kuwasili. Sheria ikabadilika, waliochelewa kufika wakasubiri muda mfupi zaidi. Miaka mitano baadaye, waliokuwa wamesubiri miezi saba ya ziada walikuwa nyuma kwa ajira kwa kama pointi 20 za asilimia, na pengo lilichukua hadi miaka kumi kuzibika. Miezi saba ya kunyimwa jembe! Huu ulistahili faili lake la Excel, jaribio lake na wiki yake. Wiki tano unafundishwa mgeni akifika uchumi hufanya nini, kisha unaachwa mlangoni pale ambapo uamuzi wa mwenyeji ndio unaoamua matokeo.

Upande wa huduma nitasema kwa kifupi. Video zinapakuliwa kwa ubora wa chini, kwa hiyo bando halikunisumbua. Maandishi ya Kiswahili chini ya video hayapo, na mwanafunzi asiyezoea Kiingereza cha kitaaluma atateseka wiki ya pili. Majaribio ni dhaifu kuliko mihadhara. Swali moja la wiki ya tatu lilitaka "kweli" au "si kweli" kwa sentensi isemayo uhamiaji hupunguza mishahara, baada ya mhadhiri huyohuyo kutufundisha kuuliza mishahara ya nani na kwa muda gani. Na lalamiko langu ni la cheti: fomu inakubali majina mawili tu, mimi natumia matatu kama yalivyo kwenye nyaraka zangu zote, na cheti kimekuja na jina la ukoo limekatwa katikati. Barua pepe ya kwanza ilijibiwa baada ya siku 11. Wameahidi kurekebisha, bado nasubiri. Kozi inayosomwa na watu wa kila pembe ya dunia ilipaswa kuwa na fomu inayopokea majina ya watu wa kila pembe.

Naipendekeza kwa mwalimu wa uchumi au uraia, kwa mwandishi wa habari anayeripoti mambo ya mipaka, na kwa mtu yeyote anayeandaa sera na yuko tayari kushika data kwa mkono wake. Anayetaka hoja za kushinda mabishano, awe wa upande gani, hatazipata humu. Kama una muda wa wiki moja tu, chukua ya pili na faili lake.

Mimi nimeshaitumia darasani. Niliwagawia jedwali la Miami lililochapishwa, nikawaacha wachuje kwa kalamu nyekundu. Yule kijana alifanya kazi yake kimya mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, nimekubali kazi zinaongezeka. Lakini huyu ambaye hakumaliza shule, yeye atangoja miaka mingapi mpaka mstari urudi juu?" Nikamwambia tutaanza hapo kipindi kijacho, na kila mtu aje na safu ya wasiomaliza sekondari ikiwa imeshahesabiwa.